Safu ya Sifuri

Nilisimama mbele na chati zangu ishirini na mbili,
nguzo za buluu, nguzo za kijani, mstari mwekundu
unaoshuka kwa furaha kama mtoto kwenye mtelezo.
Saa kumi na mbili asubuhi, Februari, kaskazini ya Ufini,
kiwanda cha karatasi. Dirishani giza bado limelala
na viatu miguuni.

"Ajali za Januari," nikasema, "sifuri."
Nikangoja.
Kwetu kimya si ubishi wala si ridhaa,
kimya ni kimya, kama theluji juu ya gari la mtu mwingine.
Zamu ya usiku macho yake yamekwisha fika nyumbani,
zamu ya asubuhi haijamaliza kuamka.
Watu thelathini na mmoja. Nilihesabu; kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Walionitazama, wanne.
Na mmoja wa hao wanne alikuwa akilitazama
andazi la iliki nyuma yangu.

Nikaongeza asilimia. Nikaongeza mshale.
Asilimia haina uso. Hukupita kama mtu sokoni
asiyekufahamu: hakusukumi, hakusalimu.

Ndipo Veijo wa winchi, aliyebakiza miezi saba astaafu,
akainua mkono wenye kikombe:
"Hiyo sifuri naijua. Ilikuwa Jumanne."

Hakusema paukwa, nasi hatukuitika pakawa.
Alisema tu, "Nilisahau mkate wangu."

Mkate mweusi, jibini, tango. Aliuacha juu ya kabati la zana.
Naye amesimama chini ya gombo la karatasi, tani mbili,
anangoja lishuke, kama siku zote,
mashine namba nne ikiimba kwa pua.
Tumbo likamkumbusha.
Akaondoka. "Hatua sita," alisema. "Nilirudi baadaye nikazihesabu."
Ya sita ndipo mnyororo ulipokatika,
sauti ndogo, mtu avunjaye biskuti chumba cha pili,
na gombo likaketi pale alipokuwa.
Likaketi, alisema. Hakusema likaanguka.
Kama mgeni aliyechoka.

"Nikaula mkate. Wote. Sikujua la kufanya jingine.
Kisha nikamwita Pentti, tukaliondoa, tukafagia.
Hakuna aliyeumia, basi hakuna cha kuandika."

Akanywa kahawa.

Nikageuka kuitazama nguzo yangu ya Januari.
Haikuwapo. Sifuri haina kimo.
Palikuwa peupe tu ukutani,
peupe pa upana wa mtu mmoja na mkate wake.

"Mnyororo upi?" akauliza Tuulikki wa ghala.
Halafu Eetu, kijana wa miezi miwili kazini
ambaye sauti yake tulikuwa hatujaisikia,
akasema kuna ngazi, ile ya nyuma ya bomba la mvuke,
na kwamba yeye pia, na kwamba Krismasi,
na kwamba alidhani ni uzembe wake.
Meneja alitazama saa mara mbili, kisha akaacha.
Andazi likaliwa bila mtu kukumbuka nani alianza.

Sisemi namba ni waongo.
Namba ndizo zilizonionyesha kuwa namba nne ni mashine mbaya.
Na hadithi nazo hunenepa: kufikia Pasaka
gombo la Veijo, mdomoni mwa Pentti, lilikuwa tani tano,
na hatua zimebaki mbili.
Kwa hiyo bado natembea na futi yangu.

Ila fomu ina mstari mmoja, *maelezo kwa ufupi*,
na juu yake nikaandika: *Alisahau mkate.*

Makao makuu wakapiga simu kutoka Helsinki.
Sauti changa, ya adabu, inayoandika huku ikisema.
Je, safu ya tisa nimekosea?

Nikavuta kiti.
"Una dakika tano?" nikamwuliza.
"Ilikuwa Jumanne."